Kutambua Fanksheni kwa Grafu Yake: Dalili, Sababu na Vipimo vya Kuhakikisha

Anayekosea kutambua fanksheni kwa kawaida macho yake ni mazima. Ameona umbo la U akaandika "parabola", ameona mstari unaopinda kwenda juu akaandika "eksponenti", kisha jibu likakataa. Umbo peke yake halitoshi. Hubadilika ukibadilisha skeli, na fanksheni tano tofauti zinaweza kufanana kabisa kwenye kipande kidogo cha karatasi. Kinachoitambulisha fanksheni ni mwenendo wake: y inafanya nini x inapoongezeka kwa hatua sawa, grafu inaelekea wapi kwenye ncha zake mbili, na inakatika wapi. Hayo yote hupimwa kwa rula na namba chache zilizosomwa kwenye grafu yenyewe.

Tafuta dalili yako hapa chini. Ila sehemu ya mihimili usiiruke, hata kama una haraka.

Kabla ya dalili yoyote: mihimili

Angalia mambo matatu. Kwanza, je, mihimili inakutana kwenye (0, 0)? Grafu nyingi za magazetini huanzia y = 80 au y = 950, na hapo "inapokata mhimili wa x" si mahali ambapo y ni sifuri. Pili, kisanduku kimoja ni vizio vingapi kwa kila mhimili? Mteremko ukihesabiwa kwa visanduku badala ya vizio hutoka na makosa kila skeli mbili zinapotofautiana. Ukiwa na kisanduku 1 = kizio 1 kwa x, na kisanduku 1 = vizio 5 kwa y, mstari unaopanda kisanduku kimoja kwa kila kisanduku una mteremko wa 5, ingawa unaonekana kama wa 1.

Tatu, namba za mhimili zinaongezeka kwa kujumlisha au kwa kuzidisha? Alama za 1, 10, 100, 1000 zikiwa zimepishana kwa umbali ule ule, hiyo ni skeli ya logi. Skeli hiyo ikiwa kwenye mhimili wa y, eksponenti, yaani fanksheni inayozidishwa kwa namba ile ile kila hatua, huonekana mstari mnyoofu. Grafu nyingi za maambukizi ya COVID-19 mwaka 2020 zilichorwa hivyo, na wasomaji wengi waliona ongezeko la "kawaida" mahali ambapo wagonjwa walikuwa wakiongezeka maradufu.

Kisha pitisha rula wima kutoka kushoto kwenda kulia. Ikigusa grafu mara mbili mahali popote, hiyo si fanksheni ya x. Duara x² + y² = 25 linaangukia hapa: kwa x = 3, y ni 4 na pia −4. Mahali penye duara dogo lililojazwa na jingine lililo wazi kwenye mstari mmoja wa wima pasikutishe. Lililo wazi halihesabiwi.

Dalili: inaonekana mstari mnyoofu, lakini y = mx + c haikubali nukta zote

Sababu ya kawaida ni kwamba umeonyeshwa kipande kifupi mno cha mkunjo. Chukua y = x² kati ya x = 10 na x = 10.5. Kwa hatua za 0.1, thamani zake ni 100, 102.01, 104.04, 106.09, 108.16 na 110.25. Zichore kwa skeli ya sentimeta 1 kwa vizio 2 vya y, kisha weka rula kutoka nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Katikati, mkunjo unaachana na rula kwa kizio 0.0625 tu, yaani kama theluthi moja ya milimita. Mstari wa penseli ya kawaida ni mnene kuliko hapo. Jicho haliwezi kuona kosa hilo.

Namba zinaliona. Toa kila thamani kutoka kwa inayofuata: 2.01, 2.03, 2.05, 2.07, 2.09. Ingekuwa mstari mnyoofu, tofauti hizi zingekuwa sawa. Sasa toa tena: 0.02, 0.02, 0.02, 0.02. Tofauti za pili zikiwa sawa, una fanksheni ya kipeo cha pili; zikiwa sawa za tatu, ni ya kipeo cha tatu. Hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote vilivyomo humu, na kinataka sharti moja tu: hatua za x ziwe sawa.

Kina udhaifu wake pia. Namba zilizosomwa kwa jicho zina kosa, na kutoa mara mbili hulikuza. Kila usomaji ukiwa na kosa la hadi 0.1, tofauti ya pili inaweza kukosea kwa hadi 0.4. Kwa hiyo tumia hatua pana kadiri karatasi inavyoruhusu. Tofauti za pili zikitoka 3.8, 4.1, 4.0, zihesabu kuwa 4. Usiseme kipimo kimekataa.

Dalili: umbo ni U, lakini parabola haikubali

Watuhumiwa hapa ni wengi: x², x⁴, |x|, √(1 + x²), na mkunjo wa mnyororo unaoning'inia. Simama kwenye kitako cha U, songa kulia kizio 1, kisha 2, kisha 3, na kila mara pima grafu imepanda kiasi gani kutoka kitakoni. Halafu gawanya kila kimo kwa kimo cha kwanza.

x² → 1, 4, 9
x⁴ → 1, 16, 81
|x| → 1, 2, 3
√(1 + x²) → 1, 2.98, 5.22
mnyororo (eˣ + e⁻ˣ)/2 → 1, 5.09, 16.7

Uwiano wa mistari mitatu ya kwanza haubadiliki hata grafu ikivutwa au kubanwa. Miwili ya mwisho hubadilika, lakini ndani ya mipaka: √(1 + x²) hubaki kati ya |x| na x² kwa sababu mikono yake inazidi kunyooka, na mnyororo daima huzidi 4 na 9. Mnyororo uliokazwa sana huukaribia uwiano wa parabola kiasi kwamba kwa rula ya shule hutawatofautisha. Si aibu, Galileo mwenyewe aliutaja kuwa karibu na parabola, na mlinganyo wake wa kweli ulipatikana mwaka 1691 kwa kazi za Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli.

Kitako chenye ncha kali, kama herufi V, kinaondoa shaka mara moja: kuna thamani kamili, kama |x|, ndani ya fanksheni hiyo. Polinomia, yaani jumla ya vipeo vya x kama x² − 6x + 5, haina ncha kali popote.

Dalili: ni parabola kweli, lakini mlinganyo unaotoka uko upande usio wake

Kosa liko kwenye alama ndani ya mabano. Kitako kiko kwenye (3, −4), nawe umeandika y = (x + 3)² − 4. Mabano yanatakiwa yawe sifuri pale kitako kilipo, na x + 3 huwa sifuri kwenye −3. Kwa hiyo ni (x − 3)². Namba ya nje, −4, haigeuzwi, kwa kuwa iko upande wa y.

Usisahau namba inayozidisha mabano. Andika y = a(x − 3)² − 4, halafu tumia nukta nyingine moja. Grafu ikikata mhimili wa x kwenye 5, basi 0 = a(5 − 3)² − 4, yaani 4a = 4, a = 1. Mlinganyo ni y = x² − 6x + 5. Sasa uhakikishe kwa nukta ambayo hukuitumia: grafu inapaswa kukata mhimili wa y kwenye 5. Isipokata hapo, umesoma vibaya kitako. Kitako ndicho kigumu kusoma kwa sababu grafu hapo inalala, na kosa la kisanduku kimoja kulia au kushoto halionekani. Dawa: soma mahali pawili ambapo grafu ina kimo kimoja, kama 1 na 5 kwenye mhimili wa x, uchukue katikati yake. Hapo mkunjo una mteremko mkali na usomaji ni sahihi zaidi.

Dalili: grafu uliyoichora mwenyewe ina umbo lisiloeleweka

Hapa mgonjwa si fanksheni, ni jedwali la thamani. Makosa matatu hurudi kila mwaka.

Upande wa kushoto wa parabola umeanguka chini, na y = x² imetoka kama S. Sababu ni kikokotoo: umebonyeza −3² bila mabano, nacho kimepiga 3² kwanza, kisha kikaweka hasi, kikatoa −9. Bonyeza (−3)². Excel ina tabia ya kinyume: =-3^2 hutoa 9. Ukitaka parabola inayotazama chini kwenye Excel, andika =-(A2^2), la sivyo utapata inayotazama juu bila onyo lolote.

Kitako cha parabola kimekuwa bapa kama sufuria. Chukua y = x² − 3x + 1. Kwa x = 1 na x = 2, y ni −1 zote mbili, na mkono wenye rula umeziunganisha. Kitako cha kweli kiko katikati, x = 1.5, ambapo y = −1.25. Thamani mbili za chini zikilingana, ongeza mstari mmoja kwenye jedwali kabla ya kuchora.

Grafu imelala juu ya mhimili wa x. Mfano wake ni y = x³ − x kwa x = −1, 0, 1: zote zinatoa sifuri. Nukta tatu zimeangukia mahali pabaya kwa pamoja. Weka nusu: x = −0.5 inatoa 0.375, x = 0.5 inatoa −0.375, na x = 2 inatoa 6. Hapo mawimbi mawili madogo yanajitokeza. Kwa kipeo cha tatu usichore kwa nukta chini ya saba.

Dalili: inapanda kwa kasi inayozidi, na huna hakika kama ni kipeo cha pili au eksponenti

Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote, kwa sababu lugha ya mitaani huita kila kinachokua haraka "eksponenti". Tazama fanksheni mbili zinazoanza na namba zilezile kwa x = 0, 1, 2, 3, 4, 5:

x² + 1: 1, 2, 5, 10, 17, 26
2ˣ: 1, 2, 4, 8, 16, 32

Kwa x = 2, 3 na 4 ya kwanza ndiyo iliyo juu! Anayeangalia "ipi inapanda haraka" kwenye dirisha hilo atachagua vibaya. Gawanya kila thamani kwa iliyoitangulia. Eksponenti hutoa namba ile ile kila hatua, hapa 2. Kipeo cha pili hutoa 2, 2.5, 2, 1.7, 1.53, uwiano usiotulia ambao mwishowe hushuka kuelekea 1. Kama grafu inaonyesha upande wa kushoto, kazi ni nyepesi zaidi: parabola inageuka na kupanda tena, eksponenti inalala na kuusogelea mstari mlalo bila kuugusa.

Mtego uko kwenye eksponenti iliyosogezwa juu. y = 2ˣ + 3 inatoa 4, 5, 7, 11, 19. Ukigawanya unapata 1.25, 1.4, 1.57, 1.73, na unaweza kusema kipimo kimekataa. Haikukataa, uligawanya na 3 ikiwa bado ndani. Tafuta asimtoti, yaani mstari ambao grafu inausogelea kushoto, ambao hapa ni y = 3. Itoe kwanza ubaki na 1, 2, 4, 8, 16. Kama asimtoti haionekani kwenye dirisha, gawanya tofauti badala ya thamani: 1, 2, 4, 8. Namba isiyobadilika inayojumlishwa hufutika yenyewe unapotoa.

Dalili: inashuka na kujilaza, na majibu mawili yote yanafaa

Nukta mbili za kwanza ni (1, 12) na (2, 6). Zinaweza kuwa za 12/x, zinaweza kuwa za eksponenti inayopungua kwa nusu. Nukta mbili hazitoshi kuamua. Ya tatu ndiyo inasema: ikiwa (3, 4), zidisha x kwa y kila mahali, upate 12, 12, 12, na hiyo ni 12/x. Ikiwa (3, 3), uwiano ni nusu kila hatua, na hiyo ni 24 × (½)ˣ.

Kama grafu inafika kwenye mhimili wa y, usihangaike na vipimo. 12/x haiwezi kuugusa mhimili huo, ilhali eksponenti lazima iukate, hapa kwenye 24.

Dalili: inapanda kisha inapunguza mwendo

Watahiniwa wengi huandika "logi" kwa kila kitu cha namna hii. Kuna vitatu vya kutenganisha, na vipimo ni vya kuzidisha x.

Kwa √x, zidisha x kwa 4, na y inazidishwa kwa 2. Grafu ina mwanzo: inatokea kwenye nukta moja ikiwa imesimama wima, na kushoto kwake hakuna kitu. Kwa logi, zidisha x kwa namba yoyote, na y inaongezeka kwa kiasi kile kile: logi ya 2 kwa msingi wa 2 ni 1, ya 4 ni 2, ya 8 ni 3. Kushoto haianzii kwenye nukta. Inadidimia kando ya mhimili wa y bila mwisho, na ile isiyosogezwa hukata mhimili wa x kwenye 1.

Cha tatu ni zile zenye dari, kama y = 5x/(x + 1). Hizi huusogelea mstari mlalo. Logi haina dari, ingawa inaonekana kama inayo: logi ya milioni moja kwa msingi wa 10 ni 6, ya bilioni moja ni 9. Inapanda polepole, lakini haisimami. Kwenye grafu fupi, njia ya kuzitofautisha ni kusoma x = 1, 2, 4, 8. Logi huongeza kiasi sawa kila mara. Yenye dari huongeza kiasi kinachozidi kupungua: 2.5, 3.33, 4, 4.44, kwa nyongeza za 0.83, 0.67, 0.44.

Dalili: polinomia, lakini haijulikani ni ya kipeo cha ngapi

Anza na ncha. Zote mbili zikielekea upande mmoja, juu au chini, kipeo kikubwa ni shufwa. Moja juu na nyingine chini, ni witiri. Kisha hesabu mahali grafu inapogeuka. Migeuko mitatu inadai angalau kipeo cha nne. Neno "angalau" lina kazi hapa: x⁴ yenyewe inageuka mara moja tu, kama parabola, na anayehesabu migeuko pekee ataiita kipeo cha pili.

Halafu angalia jinsi inavyokutana na mhimili wa x. Ikikata moja kwa moja, mabano yake yana kipeo 1. Ikigusa na kurudi, kipeo ni shufwa, kwa kawaida 2. Ikikata lakini ikajilaza kidogo pale pale, ni 3 au witiri nyingine ya juu yake.

Mfano: grafu inakata kwenye −2, inagusa na kurudi kwenye 1, inapita mhimili wa y kwenye 4, kushoto iko chini na kulia juu. Andika y = a(x + 2)(x − 1)². Weka x = 0: a × 2 × 1 = 4, hivyo a = 2. Hakikisha kwa kilele: x = −1 inatoa 2 × 1 × 4 = 8. Kwenye grafu kilele kiwe (−1, 8). Kama kiko kwenye 8 lakini upande wa kulia, umebadilishana alama za mabano.

Umbo la S lisilogeuka popote linaweza lisiwe polinomia kabisa. x³ inajilaza katikati na kusimama kwenye ncha. Kipeuo cha tatu hufanya kinyume: husimama wima kwenye (0, 0) na kujilaza mbali. S yenye dari juu na sakafu chini si mojawapo ya hizo. Hiyo ni ya ukuaji wenye kikomo, kama 1/(1 + 2⁻ˣ).

Dalili: grafu imekatika

Uliza imekatika vipi. Tundu moja dogo kwenye mstari mzima: kuna mabano yaliyofutana juu na chini ya sehemu. (x² − 4)/(x − 2) ni mstari y = x + 2 wenye tundu kwenye (2, 4). Simu na programu nyingi hazilionyeshi tundu hilo, kwa sababu ni nukta moja isiyo na upana, kwa hiyo usiamini skrini. Angalia asili ya sehemu, yaani ile ya chini, inakuwa sifuri wapi.

Ikikatika kwa kupaa upande mmoja na kuzama upande mwingine, asili ina mabano ya kipeo witiri, kama 1/(x − 2). Pande zote zikipaa, ni kipeo shufwa, kama 1/(x − 2)². Mpasuko ukijirudia kila nyuzi 180, unatazama tanjenti. Kwenye skrini za zamani utaona mstari wima ukiunganisha pande mbili. Huo si sehemu ya grafu. Mashine imeunganisha nukta mbili zilizopakana.

Kuna imani kwamba grafu haiwezi kukata asimtoti yake. Kwa asimtoti ya wima ni kweli. Kwa ya mlalo si kweli: x/(x² + 1) inausogelea mstari y = 0 kwenye ncha zote mbili, na inaukata palepale kwenye (0, 0). Usiondoe jibu kwa sababu hiyo.

Ngazi, yaani vipande vya mlalo vinavyoruka, ni fanksheni ya vipande. Ada za kutuma pesa kwa simu zikichorwa hutoka hivyo: kiwango kimoja kwa safu nzima ya kiasi, kisha mruko.

Dalili: mawimbi, lakini namba hazitoki

Pima kutoka kilele hadi kilele, si kutoka kilele hadi bonde. Hiyo ya pili ni nusu ya mzunguko, na ndiyo inayofanya jibu litoke maradufu. Kilele kikiwa 7, bonde 1, na mzunguko nyuzi 120: katikati ni (7 + 1)/2 = 4, kimo ni (7 − 1)/2 = 3, na namba inayozidisha x ni 360/120 = 3. Kama grafu inapita (0, 4) ikipanda, ni y = 3 sin 3x + 4.

Ikiwa skrini inaonyesha mstari karibu mlalo badala ya wimbi, kikokotoo kiko kwenye nyuzi na dirisha ni la radiani: kutoka 0 hadi 10, sin ya nyuzi 10 ni 0.17 tu. Ikionyesha fujo ya mistari ya wima, ni kinyume chake: kiko kwenye radiani na dirisha ni la 0 hadi 360 au zaidi.

|sin x| na sin² x zote zinacheza kati ya 0 na 1 na kujirudia kila nyuzi 180. Angalia mabonde: ya kwanza ina ncha kali, ya pili imeviringana.

Wimbi linalonenepa na kukonda halipatani na sin moja kwa namna yoyote. Ni mawimbi mawili yenye mizunguko inayokaribiana, yaliyojumlishwa. Grafu ya maji ya bahari ya Dar es Salaam au Mombasa kwa mwezi mzima ni mfano safi: la mwezi lina mzunguko wa saa 12.42, la jua saa 12. Yakipatana ni bamvua, yakipingana ni maji mafu, na mnenepo hurudi kila baada ya siku 14.8 hivi. Pima umbali wa vilele viwili vinavyofuatana upate mzunguko wa haraka, kisha umbali wa bamvua mbili upate wa polepole. Kwa grafu ya siku moja tu hutaliona jambo hili, na sin ya kawaida itatosha.

Dalili: jibu lako halifanani na la kitabu, lakini grafu ni ile ile

Huenda yote mawili ni sahihi. sin(x + 90°) ndiyo cos x. 2ˣ⁺³ ndiyo 8 × 2ˣ: kuisogeza eksponenti kushoto ni sawa na kuizidisha. Kwa msingi wa 10, logi ya 10x ndiyo 1 + logi ya x. Ili kujua, weka thamani zilezile za x kwenye milinganyo yote miwili, na zisiwe 0 na 1 peke yake, maana x² na x³ zinapatana hapo na kuachana kwenye 2. Hesabu namba ulizokuwa ukizitafuta kwenye mlinganyo wako: kwa y = a(x − h)² + k, namba a, h na k ni tatu, kwa hiyo nukta tatu zinaujenga, na ya nne ndiyo inayoujaribu. Ya nne ichukuliwe mbali na zile tatu, kwenye ncha ya karatasi, kwa kuwa ndipo fanksheni zinazofanana katikati huachana zaidi.